Aliyetushinda Mahakamani Anaomba Kiti Changu

Mheshimiwa Jaji Mstaafu, mlezi wa shirika letu, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako, Ndugu Mkurugenzi, mawakili wenzangu wa pande zote mbili za mahakama, ambao leo mmekaa safu moja na mpaka sasa hamjarushiana maneno, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wanachama, wenye shirika lenu, ambao kwa itifaki mnatajwa mwisho na kwa katiba yetu mnaamua wa kwanza. Nawasalimu nyote. Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, zenu nimezipokea pale mlangoni mpaka nikatosheka.

Namsalimu pia mkalimani wetu wa lugha ya alama, aliyesimama hapa mkono wangu wa kulia. Asubuhi alinifuata akaniambia kwa heshima zote, "Mama, leo twende taratibu, mwaka jana vidole viliniuma wiki nzima." Nimemwahidi. Binti, nikianza kukimbia, nivute gauni.

Ndugu zangu, kwenye ratiba mliyoshika imeandikwa kwamba nasimama kuaga. Kuaga ni kazi nyepesi. Mtu anashukuru, anafuta chozi, anapewa saa ya ukutani, anarudi nyumbani kumsumbua mumewe. Saa nimeiona pale mezani imefungwa karatasi ya kung'aa, na nashukuru, ingawa namwona fundi wetu wa saa anaitazama kwa mashaka na najua haitafika kwangu kabla hajaifungua. Lakini ninyi mnanijua. Jina la Mama Pingamizi mmenipa wenyewe, na mtu mwenye jina kama hilo haondoki kimyakimya. Nimekuja kuaga, ndiyo. Zaidi ya hapo, nimekuja kuomba kura, na kura hiyo si yangu.

Kwa wageni wetu, nieleze kidogo. Katika shirika hili Wakili Mwandamizi haajiriwi na Bodi peke yake. Nafasi inatangazwa kama popote, maombi yanapokelewa, vyeti vinakaguliwa, usaili unafanyika. Kisha jina moja linaletwa mbele ya wanachama, na wanachama wananyoosha mikono. Walioanzisha shirika hili walisema hivi: mtu atakayesemewa ndiye achague atakayemsemea. Nami niliingia hivyo hivyo, na wapo humu walionipinga siku ile. Mmoja wao nilimwoa. Samahani, mkalimani, aliyenioa mimi. Yuko pale mbele, anacheka kama vile si yeye.

Jina linaloletwa kwenu leo ni la mwanamke aliyekaa safu ya pili karibu na mama yake mzazi, mwenye kitambaa cha bluu. Huko kwenye korido za mahakama wanamwita Sindano, kwa kuwa ni mdogo wa umbo, hana kelele, na akikuchoma unajua baadaye. Alikuwa wakili wa serikali. Na kama kuna mwanachama ambaye hajasikia, asikie kutoka kwangu, asisikie kwenye foleni ya chai: huyu ndiye aliyesimama dhidi yetu katika kesi ya ngazi, akatushinda.

Nasikia minong'ono. Nongoneni, ruksa. Nimeisikia mwezi mzima. Wengine wanasema ametumwa. Wengine wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mmoja, sitamtaja, aliniuliza kwenye simu kama uzee umeanza kunichezea. Nilimwambia uzee unanichezea magoti, kichwa bado.

Basi tukumbushane kesi ya ngazi. Ofisi ya usajili ya wilaya yetu iko ghorofa ya tatu. Lifti hakuna, palipokusudiwa lifti pamewekwa makabati. Mashine ya kuchukua alama za vidole iko huko juu, imefungwa ukutani, haishuki. Ukitaka kitambulisho, panda. Na fundi wetu wa saa, ambaye tangu ujana wake anatembea kwa kiti cha magurudumu, alifika pale chini akapiga simu juu, akajibiwa kwa upole kabisa: mzee, usijali, tunatuma askari wawili wakubebe. Akakataa. Wakasema ni msaada tu. Akasema, na maneno haya yamo kwenye mwenendo wa kesi, ukurasa wa kwanza wa ushahidi wake: "Gunia hubebwa. Mimi ni mtu, nimekuja kuandikwa."

Ndugu wageni, msidhani hilo ni jambo dogo la kiburi cha mzee. Mtu asiye na kitambulisho anaishi maisha ya kuazima. Simu anayotumia mzee huyu imesajiliwa kwa jina la binti yake. Leseni ya kibanda chake ni ya mkwewe. Akiugua, hospitali inamwandika kama msindikizaji, na mgonjwa ni yeye mwenyewe! Mtu ambaye ametengeneza saa za nusu ya mji huu, kwenye karatasi za nchi yake hayupo.

Tukaenda mahakamani. Nilijiandaa, nikasema, nikanguruma kama mnavyonijua. Na upande wa pili akasimama kamwanamke kamoja na karatasi mbili mkononi, akazungumza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Akasema sheria inaitaka serikali ifikishe huduma, haikutaja njia; kwamba kubebwa kwa hiari ni njia; kwamba njia mbaya si sawa na kukosekana kwa njia. Nilisimama mara ngapi kuweka pingamizi? Mheshimiwa Jaji Mstaafu anajua, maana waliomfuata kwenye kiti chake walimlalamikia. Kila nilipofunga mlango, yeye alikuwa ameshapita. Hukumu ikasomwa, tukashindwa. Wahenga wamesema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami nilikubali, baada ya kutoongea na mtu nyumbani kwa siku kadhaa.

Sasa fikirini. Natangaza kustaafu, nafasi inatangazwa, maombi yanaanza kuingia, na karani wetu anakuja ofisini kwangu ameshika bahasha kama mtu aliyeshika panya mkiani. "Mama," akasema, "huyu ni yule?" Nikatazama jina. Nikamwambia amekosea anwani, mrudishie. Karani akasema, "Mama, ameandika jina la shirika kwa kirefu, pamoja na 'watetezi' mwishoni, ambapo hata sisi huwa tunasahau."

Vyeti vyake sitavisoma, mnavyo kwenye makablasha yenu. Nitawaambia kuhusu benchi.

Wageni wetu, usaili wetu wa mwisho hatuufanyii kwenye chumba cha mikutano. Unafanyikia pale mapokezi, kwenye benchi la wateja, lile refu la mbao lenye doa la wino ambalo halitoki. Wanakaa wateja wenyewe, wale waliopata haki na wale ambao bado, na mwombaji anakaa katikati yao kwenye kiti cha plastiki. Wanamuuliza wanachotaka. Bodi na sisi mawakili tunasimama pembeni, mdomo tumefunga. Mimi kufunga mdomo! Jamani, hapo ndipo mjue tunalipenda shirika hili.

Mwombaji wa kwanza alikuja na suti nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, akatuzungumzia misingi ya katiba za dunia nzima. Msusi wetu, mama wa binti kiziwi, akamuuliza, "Mwanangu shuleni anakalishwa nyuma, utafanyaje?" Akajibiwa kwa Kilatini. Msusi akanigeukia akauliza kama hiyo ndiyo lugha ya alama.

Wa pili alikuwa mtu mwema, namheshimu, lakini kila alipoulizwa na mzee wa saa alimjibu kijana anayemsukumia kiti. "Mwambie mzee asiwe na wasiwasi." Mzee akamwambia yule kijana, "Na wewe mwambie wakili kwamba mzee amesikia."

Kisha akaingia Sindano. Na kitu cha kwanza alichofanya ni kuhamisha kiti. Tulikuwa tumekiweka mgongo kwa dirisha, kama siku zote. Akakigeuza, akakaa jua likimpiga usoni mpaka anakunja macho. Sikuelewa. Nilimwona tu binti wa msusi anamgusa mama yake na kutabasamu. Mwanga ukitoka nyuma ya mtu, uso unakuwa giza, na kiziwi anayesoma midomo hasomi kitu. Miaka yote hiyo tumewakalisha watu mgongo kwa dirisha! Nilimuuliza baadaye alijuaje. Akasema, "Nilifika mapema, nikamuuliza mkalimani kitu gani watu huwa wanakosea." Mkalimani, ni kweli? Mmemwona, ameitikia kwa kichwa. Hiyo haihitaji tafsiri.

Alipokaa, akamgeukia mzee wa saa. "Shikamoo, mzee."

Mzee akamtazama. Kisha akasema, "Marahaba yako ninayo, ila haijatoka. Kwanza tuzungumze. Wewe ndiye uliyetushinda?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Ulilala siku ile?"

Ndugu zangu, mtu anayeomba kazi anajibuje swali kama hilo? Angeweza kusema hakupata usingizi, kwamba alilia, kwamba moyo ulimuuma. Nasi tungependa kusikia, hata kama ni uongo. Akasema, "Nililala, mzee. Nilikuwa nimechoka, na kazi niliyopewa nilikuwa nimeifanya sawasawa. Kilichoninyima raha kilikuwa mchana."

"Mchana gani?"

"Mchana wa hukumu. Nilikuwa nashuka ngazi za mahakama. Wewe ulikuwa chini, umetokea ule mlango wa nyuma wanaopitishia makabati. Ukanipa mkono. Unakumbuka ulichoniambia?"

Sisi wengine hatukujua kwamba waliwahi kuzungumza. Sindano akaendelea, "Uliniambia, 'Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Ya kwao umeifanya. Sasa ya kwangu ataifanya nani?' Nikasema asante, nikaingia kwenye gari. Tangu siku ile, kila kesi niliyoshinda nilikuwa nalisikia lile swali. Mwisho nikachoka kulisikia. Ndiyo maana nimekuja."

Hapo, ndugu wageni, nilidhani mambo yameisha. Msusi alikuwa ameshatoa leso. Hata mjumbe wetu wa Bodi, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu ambaye huwa halainiki mpaka achanganywe na maji kama saruji yake, alikuwa anakohoa kohoa. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Mzee akasogeza kiti chake mbele. "Vizuri," akasema. "Basi ya kwangu ifanye. Rufaa yangu iko njiani. Wewe ulikaa upande wao, unajua walikuwa wanaogopa nini. Kuna swali ambalo walikuwa wanaomba tusiliulize. Lazima lipo. Tuambie swali hilo, na kiti cha Mama Pingamizi ni chako leo hii."

Nisiwafiche, masikio yangu yalisimama. Maana nami najua swali hilo lipo. Katika kila kesi lipo. Mjumbe wetu wa saruji akashindwa kuvumilia, akavunja sheria ya benchi, akasema kwa sauti, "Siri ya mtungi muulize kata! Na kata yenyewe ndiyo hii imekaa hapa!"

Watu wakacheka. Sindano hakucheka. Alimtazama mzee machoni, jua bado linampiga, na akasema kwa ile sauti yake ya kuuliza bei ya nyanya: "Swali hilo lipo, mzee. Na mimi sitakuambia."

"Waliponiajiri walinipa siri zao," akasema. "Nimeacha kazi yao, siri zao sijaacha. Nikizitoa leo kwa sababu nakupenda wewe, kesho nitatoa zako kwa sababu nampenda mwingine. Na kuna la pili, mzee, bora ulisikie kutoka kwangu. Rufaa yako siwezi kuigusa. Nikiajiriwa hapa, jalada lako sitalifungua, chumba linapojadiliwa nitatoka, na ukinikuta koridoni ukaniuliza limefikia wapi nitakuambia sijui, na nitakuwa sijui kweli. Ya wenzako nitaifanya mpaka nichakae. Ya kwako siwezi. Nililijua hilo kabla sijaandika maombi, na ndiyo sababu nilichelewa kuyaandika."

Jamani! Mnajua kilichotokea? Makelele. Mjumbe wetu akasema tunaajiri mtu aliyekaa jikoni kwao halafu hatuambii kilichopikwa, faida yake nini? Mwingine akasema huo ni ujanja wa mawakili kulindana. Msusi, ambaye leso yake ilikuwa bado mkononi, akamuuliza kwa uchungu, "Mwanangu, umekuja kutufuata mpaka hapa, halafu yule uliyemuumiza ndiye huwezi kumsaidia? Sasa umekuja kufanya nini?"

Na Sindano, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akakosa maneno. Mikono aliikunja mapajani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikasema moyoni, kazi imekwenda. Na niwaambie ukweli wangu: wakati huo ndipo nilipomtaka. Nilimtaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanafunzi wangu yeyote. Nimefanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi bila msaada wa dukani, na nimeona mawakili wakiwadanganya majaji, wakiwadanganya wenzao, wakijidanganya wenyewe. Sijawahi kumwona mtu akiikata kamba aliyoning'inia, kwa mkono wake, kwa sababu kamba hiyo haikuwa yake.

Lakini sheria ya benchi ni kunyamaza. Nikanyamaza. Nilimshika mkurugenzi mkono mpaka akaniomba nimwachie.

Aliyezungumza ni mzee wa saa. Alinyoosha mkono, wote wakatulia. Akamwambia msusi, "Mama, subiri. Nikuulize. Mteja akiniletea saa, nikaifungua, ndani nikakuta picha ndogo ya mwanamke ambaye si mke wake, nafanyaje?"

Msusi akasema, "Unaifunga."

"Naifunga. Na mke wake akija kesho na saa yake, akaniuliza ya mume wangu ilikuwa na nini?"

"Unamwambia ilikuwa na vumbi."

Benchi zima likaangua kicheko, hata mwenyewe msusi. Mzee akasubiri kicheko kiishe. "Fundi anayekuambia saa ya jirani ina nini ndani," akasema, "wewe usimwachie yako. Mimi nimetafuta wakili maisha yangu yote ambaye siri yangu haiwezi kununuliwa kwake. Nimempata, na bahati yangu mbaya ni kwamba siri anayoilinda ni ya wale walioninyima haki. Inauma. Inaniuma hapa. Lakini kama hazinunuliki zao, hazitanunulika zenu." Kisha akamgeukia yeye. "Haya, mwanangu. Marahaba."

Hapo ndipo Sindano alipolia. Mama yake hajui habari hii, namwona ananitazama. Ndiyo, mama, alilia, na ulizaa mtoto mzuri. Najua ulimwuliza kwa nini anaacha kiti chenye mto anakwenda kukaa kwenye benchi la mbao. Ni swali la haki, mama yeyote angeuliza. Mkalie karibu leo, ndilo jibu lako hili.

Ndugu wanachama, sasa narudi kwenu. Mnaweza kuuliza, na mna haki ya kuuliza: kama yeye haigusi rufaa ya mzee, nani ataigusa? Mama Pingamizi anastaafu. Mzee ataachwa hewani? Je, tumemwajiri wakili kwa kumtoa mteja sadaka?

Jibu ninalo. Jana, mbele ya Mkurugenzi, kabati lenye majalada ya rufaa ile limehamishwa kutoka ofisi ya Wakili Mwandamizi. Limewekwa kwenye kile chumba kidogo nyuma ya jiko. Ufunguo ni mmoja, ninao mimi. Kazi zangu zote nakabidhi. Hiyo moja naibeba mwenyewe, bila mshahara, mpaka mahakama ya rufani itakaponiambia kaa chini, na mnajua huwa sikai haraka. Mume wangu, usishtuke. Nilikusudia kukuambia nyumbani, lakini nyumbani wewe ndiye unayeweka pingamizi.

Najivunia nini basi leo, ninapoondoka? Kesi tulizoshinda ni nyingi na ninazipenda zote, kama mama anavyodai kuwapenda wote. Najivunia njia ya watu wenye magongo na viti inayoingia kwenye soko letu kuu. Najivunia watoto viziwi wanaokaa mbele darasani, na binti wa msusi sasa ni mmoja wao. Najivunia ukumbi huu, uliokuwa karakana ya magodoro, wenye milango mipana na usio na ngazi hata moja, ambao bado unanuka sponji kila jua likiwaka. Lakini zaidi ya yote najivunia kwamba mwenzangu aliyenishinda, ambaye angeweza kupanda cheo mpaka akasahau jina langu, alitazama nchi nzima na vyeo vyake vyote, akaona kazi ya maana kuliko zote ni hii yenu. Aliiomba. Akapanga foleni. Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Na alipopewa njia ya mkato, hakuifuata.

Mimi nikipewa kuchagua kati ya wakili anayejua siri zote za adui na wakili ambaye adui yake mwenyewe bado anamwamini, sihitaji kufikiri. Majaji watamsikiliza. Serikali itajua kwamba akisema jambo, ni kweli. Na ninyi mtalala.

Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, na kwa kuwa ratiba inasema hotuba kisha kura, na mimi sitaki mtu aende chai katikati, naomba tupige kura nikiwa bado nimesimama. Nashukuru. Wenzetu viziwi, tafadhali, mikono mnayoipunga hewani nimeiona na nimeipokea kama makofi. Ishusheni kidogo, Mwenyekiti asije akaihesabu mara mbili.

Tuanze na wanaompinga. Msione haya, mimi mwenyewe nimepingwa na nikaolewa. Yeyote? Mjumbe wangu wa saruji, mkono ni wako, usiuogope. Hunyooshi? Unajikuna tu. Haya, Mwenyekiti, andika: kidevu kimekunwa, kura hakuna.

Wanaomkubali.

Ngojeni. Ngojeni, nawaomba, shusheni kwanza. Mkalimani, waambie washushe. Mwenyekiti, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mzee wa saa, nimeuona kwa macho yangu, na ninataka uandikwe wa kwanza. Mtu huyu nchi yake haijamwandika popote. Hana kadi, hana namba, tangu azaliwe hajawahi kupiga kura yoyote. Hii ndiyo ya kwanza maishani mwake, na amempa aliyemshinda.

Mwandike, Mwenyekiti. Kwa jina lake kamili. Tutasubiri.

Haya. Sasa wote.

Wakili, simama, mwanangu. Njoo, kiti ni chako. Nanyi nyote mlionivumilia kwa masikio na kwa macho, Mungu awaweke. Nimemaliza, na asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho.